Bellavista, Mji Uliojengwa kwa Kuikimbia Bahari

Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1746, baada ya zilizala iliyoubomoa mji wa Lima, bahari ilipanda juu ya Callao, bandari ya mji huo, ikawagharikisha watu takriban 5,000 waliokaa ndani ya kuta zake, hata waliosalimika wakawa 200 hivi. Katika merikebu 23 zilizotia nanga, 19 zilizama, na 4 zilizosalia, miongoni mwazo manowari San Fermín, zilitupwa nchi kavu.

José Antonio Manso de Velasco, naibu wa mfalme wa Hispania katika Peru, hakuona vema kuwarudisha waja wa Mungu mahali pale pale palipowamaliza jamaa zao. Alimtaka shauri Louis Godin, mwanachuoni wa Kifaransa aliyekuja Amerika ya Kusini pamoja na wenziwe kupima umbo la dunia penye ikweta, na ambaye zama hizo alikuwa akisomesha hisabati katika chuo kikuu cha San Marcos. Ndiye aliyechora njia zilizonyooka za Bellavista, mji mpya juu ya ardhi iliyoinuka kidogo, mbali na mawimbi. Ndiye pia aliyechora ngome ya Real Felipe, iliyoanza kujengwa mwaka 1747, ambayo kwa sababu ya kazi yake haikuwa na budi kubaki ufukoni.

Matajiri wakajenga maghala Bellavista, na ngano ya Chile ikawekwa humo. Lakini shehena hushuka pwani, na kila gunia lililopandishwa bara lilihitaji bega la mtu au mgongo wa nyumbu; na mabega hayo aghalabu yalikuwa ya Waafrika na wazao wao, ambao utumwa wao haukufutwa Peru mpaka mwaka 1854. Hesabu ya Godin ilikuwa sahihi, nami naistahi sana, ila ilipima hatari bila ya kupima riziki. Wachukuzi, mabaharia na wenye maduka wakarejea mmoja mmoja kivulini mwa ngome, Callao ikafufuka, na Bellavista ikapungukiwa na watu. Vita vya uhuru viliizidishia dhiki, kwani majeshi yaliyomhusuru Rodil, jemadari wa Hispania, ndani ya Real Felipe hata akasalimu amri Januari 1826 yalipiga kambi pande zake. Huko Bellavista pia Waingereza walipata makaburi yao, maana Mprotestanti hakuzikwa pamoja na Wakatoliki.

Bellavista ilifanywa wilaya mwaka 1915. Leo watu zaidi ya 70,000 wamesongamana katika kilomita za mraba 4 na nusu, na nafasi iliyoachwa kwa makusudi baina ya mji na bandari imejaa nyumba. Mwaka ule ule wa 1915 ilifanywa wilaya La Punta nayo, ulimi wa nchi uliozungukwa na maji pande tatu, ambako matajiri wa Lima walijenga majumba ya fahari ili wapunge upepo wa bahari.