Kirusi cha CTX

Kirusi cha CTX (huandikwa pia CTXφ) ni kirusi kinachoambukiza bakteria ya kipindupindu, Vibrio cholerae. Watu huilaumu bakteria, lakini jeni za sumu yake zililetwa na kirusi hiki. Vibrio cholerae nyingi za majini hazina jeni hizo, nazo hazisababishi kipindupindu.

Kiligunduliwa na Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani, waliotangaza matokeo yao mwaka 1996. Kina umbo la uzi, na DNA yake ina nyukleotidi zipatazo 7,000 tu. Huingia kwa kushika vinyweleo vilevile ambavyo bakteria huvihitaji ili kukaa katika utumbo wa binadamu.

Virusi vingi vya bakteria hupasua chembe vinayoiingia. Hiki hakiiui: hujipachika katika kromosomu, kikarithiwa kila bakteria inapogawanyika. Jeni zake mbili, ctxA na ctxB, hutengeneza sumu inayofanya utumbo utoe maji na chumvi kwa wingi. Kuhara huko huirudisha bakteria kwenye maji, pamoja na kirusi kilichomo.

Aina ya El Tor, iliyoanza kuenea kutoka Indonesia mwaka 1961, hubeba kirusi hiki. Nchini Tanzania, mlipuko wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni, Dar es Salaam, ukafika Temeke na Ilala, kisha mikoa mingine na Zanzibar. Mgonjwa hurudishiwa kwanza maji na chumvi alizopoteza. Antibiotiki huua bakteria, lakini haziondoi sumu iliyokwisha kutolewa.