Midomo Kwanza

Mpe mtoto tarumbeta, naye atafanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Atavuta pumzi, atajaza mashavu, atapuliza kama anayejaza puto. Utasikia upepo ukipita kwenye bomba, basi. Mwenye chombo atacheka, kisha atamwelekeza: funga midomo, ikaze kidogo, halafu isukume hewa katikati yake mpaka itetemeke. Mtoto atajaribu mara tano, mara kumi, na ghafla utatoka mlio mkubwa kama wa ng'ombe. Muziki umeanza. Sauti ya tarumbeta huzaliwa midomoni mwa mpigaji. Bomba la shaba huipokea, huichuja na kuikuza. Siwa za Lamu na Pate nazo hulia kwa njia hiyohiyo.

Ukilijua hilo, utayasoma upya maisha ya utotoni ya Louis Armstrong.

Usiku wa mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1912, mvulana wa miaka 11 alifyatua bastola ya baba yake wa kambo katika mtaa mmoja wa New Orleans, Marekani. Risasi hazikuwa za kweli, na jiji zima lilikuwa likisherehekea kwa kelele. Polisi walimkamata hata hivyo. Kesho yake alipelekwa Colored Waif's Home, nyumba ya kurekebisha watoto weusi, akakaa humo hadi Juni 1914.

Hadithi husimuliwa kwamba alipewa muziki humo. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kabla ya kukamatwa, Louis alikuwa akiimba mitaani na wenzake watatu ili wapate senti. Alifanya kazi pia kwa familia ya Karnofsky, Wayahudi wahamiaji wenye mkokoteni wa biashara, akipuliza honi ya bati kuwaita wateja. Honi ile ya bati ilikuwa mwalimu wake wa kwanza, wala haikuhitaji hakimu.

Ndani ya nyumba ile alikuwapo Peter Davis, mwalimu wa bendi. Armstrong anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Davis hakumpenda mwanzoni; mtaa alikotoka ulimtosha kumhukumu, na viboko vilimwangukia. Baadaye Davis alilegea. Akampa tari, kisha ngoma, kisha honi ya alto. Mpiga baragumu alipoondoka, Louis akapewa baragumu la kuamshia wenzake na kuwaita mezani. Lilikuwa limeota kutu ya kijani. Akalisugua mpaka likang'aa. Hatimaye akapewa koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta.

Mpangilio huo ulikuwa na faida kubwa. Koneti na tarumbeta zina vibonyezo vitatu. Ukibonyeza kimoja, hewa hupitishwa kwenye kipande cha ziada cha bomba. Njia hurefuka, sauti hushuka. Kwa kuviunganisha vibonyezo hivyo unapata sauti zote za ngazi ya muziki. Baragumu halina hata kimoja. Lina sauti chache tu, na njia pekee ya kutoka moja kwenda nyingine ni midomo: ikaze, sauti ipande, ilegeze, ishuke. Kwa hiyo mtoto aliyeanzia kwenye baragumu alifika kwenye koneti akiwa ameshafanya kazi ngumu kuliko zote. Vidole vingefuata.

Louis akawa kiongozi wa bendi. Siku walipopita mtaani kwake wakipiga, anasema, watu walirusha fedha nyingi hata zikatosha kununua sare na ala mpya.

Mwaka 1931, akiwa tayari ni nyota, alirudi kuitembelea nyumba ile akapigwa picha pamoja na Davis na wavulana wa bendi. Shukrani yake kwa mwalimu ilikuwa ya kweli, na Davis aliistahili. Sheria iliyomfungia mtoto kwa kelele za sikukuu haikustahili chochote. Tofauti hiyo ina maana hata leo, kila tunapoambiwa kwamba mateso ndiyo yaliyomkuza msanii. Kilichomkuza Louis ni chombo mkononi, mtu wa kumwelekeza, na muda wa kukosea. Mtoto wa mtaani kwetu anaweza kupewa hayo yote kabla hajakamatwa.