Jicho la Sista Halitoshi

Mwaka 2009 mwaitu alijifungua ndugu yangu mdogo katika hospitali moja huku Kitui. Sista akatupia kitanda jicho, akasema damu ni ya kawaida, akakimbilia mama mwingine maana zamu hiyo ya usiku alikuwa peke yake. Shangazi ndiye aliyegundua leso ya pili imelowa chapa na mamangu haitiki akiitwa. Alipona, lakini kwa bahati tu.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule sista. Siku hizi simlaumu, na wacha niwaeleze kwa nini. Mimi si daktari, mnajua niliacha kampasi karo ilipokwama. Lakini kusoma sikuacha.

Sista alikadiria damu kwa macho kwa sababu ndivyo wauguzi wengi walivyofundishwa. Shida ni kwamba jicho hudanganyika. Damu huingia kwenye godoro, kwenye leso, huchanganyika na maji. Ukishtuka, mama amekwisha nguvu.

Na historia ya leba imejaa hii "tumezoea hivi". Vienna, mwaka 1847, Ignaz Semmelweis aliona kina mama wakifa zaidi kwenye wodi ya madaktari kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanaingia leba. Akawaambia wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikashuka. Bado wenzake wengi walimpinga.

Mwaka 1972, Philpott na Castle walichapisha kazi yao ya Harare, enzi hizo ikiitwa Salisbury. Waliweka mistari miwili kwenye chati ya uchungu: wa kwanza humwonya mkunga, wa pili humwambia chukua hatua sasa. Hiyo ndiyo patografu ambayo manesi wetu wameijaza miaka yote. Ilitoka Afrika, wadau, kwa kupima badala ya kubahatisha.

Kisha Mei 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kina mama zaidi ya 200,000. Baada ya mtoto kutoka, mama anawekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye vipimo. Damu ikifika mililita 500, hakuna kusubiri: kukandwa tumbo la uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu na kukaguliwa, vyote kwa pamoja. Dawa hizo hazikuwa ngeni. Zamani zilikuwa zinajaribiwa moja moja huku damu ikienda.

Palipofuatwa mazoea, karibu nusu ya kesi hazikutambuliwa. Palipotumika mfuko, zilitambuliwa 93 kati ya 100. Visa vya kuvuja damu vibaya vikapungua kwa asilimia 60.

Sasa turudi nyumbani. Juni 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua. Mwaka 2016 Makueni ikaanzisha MakueniCare, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, na mjini Wote ikajenga Hospitali ya Mama na Mtoto. Kongole kwao. Lakini sensa ya 2019 bado ilionyesha vifo 355 vya uzazi nchini kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mlango umefunguliwa, sawa. Je, kitandani kunafanyika nini?

Na msinielewe vibaya: mwongozo bila mikono ni karatasi ya ukutani. Mwaka 2017 manesi waligoma miezi mitano nchi nzima. Sista mmoja na kina mama sita hawezi kufuata mwongozo wowote, hata akiukariri.

Kwa hivyo kaunti ikituita kutoa maoni ya bajeti, Kitui au Makueni, tusiulize barabara pekee. Tuulize: leba yetu ina mifuko ya kupimia damu? Usiku kuna manesi wangapi?

Halafu muulize mamako alijifunguaje. Wengi wetu hatujawahi kuuliza.