Treni, mazoezi na bukari

Katika darasa dogo la Kiingereza la watoto, mtaani Kamalondo, Lubumbashi, mwalimu alichora ubaoni treni yenye bomba na moshi mzito, akaandika chini yake: train. Pembeni akaongeza mlio ambao vitabu vya Waingereza huwafundisha watoto: choo choo. Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Mombasa au Dar es Salaam angeusoma mlio huo kwa Kiswahili na darasa zima lingeangua kicheko. Hawa wa Lubumbashi wamekua na tchou-tchou ya Kifaransa, wakaupokea kama mtu wanayemjua.

Watu wa pwani, reli zilipoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na Mombasa mwaka 1896, walikuwa na hazina yao ya maneno ya safari, na mengi yalitoka baharini. Nauli ni neno la Kiarabu, malipo ya chombo. Mataruma yaliyolala chini ya reli yalikuwa kwanza mbao za kukaza ubavu wa jahazi. Behewa lilikuwa ua wa ndani wa nyumba ya mawe. Gari lilitoka Bara Hindi, moshi ulikuwa wetu, na hivyo garimoshi likapata jina. Kiingereza kilileta reli na stesheni, yaani chuma chenyewe na mahali pa kukisubiri.

Katanga mambo yalikuwa mengine. Reli ilipanda kutoka kusini kupitia Rhodesia, ikapita Sakania na kufika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikifuata shaba. Haikukuta jahazi la kuazima maneno. Ilikuja na kampuni. Ndiyo maana mzee wa hapa akizungumzia reli anaweza bado kutaja herufi tatu, BCK, ingawa SNCC, shirika la reli la taifa, liliundwa tangu 1974. Kituo nacho si stesheni: “Minaenda ku gare,” atakwambia. Maneno ya pwani yanaeleza watu walivyosafiri kabla ya treni. Ya Lubumbashi yanaeleza nani alikuwa mwajiri. (Mji huu una desturi yake na misamiati. Mwaka 1965 André Yav aliandaa, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, kijitabu alichokiita “Vocabulaire” ya mji wa Elisabethville. Ukikifungua ukitafuta orodha ya maneno, utakuta historia ya mji.)

Vuka mpaka uingie Zambia, Wabemba wataiita treni shitima. Wazulu husema isitimela. Chimbuko ni steam, mvuke wa Kiingereza. Mvuke huohuo ulipofika Nairobi uliishia kuwa stima, umeme wa nyumbani. Ajabu ni kwamba kati ya Likasi na Tenke treni zilianza kuvutwa kwa umeme mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo shitima na stima zingeweza kukutana hapo bila kugombana.

Lakini neno lililonishughulisha zaidi ni train lenyewe. Kiingereza kililichukua kwenye Kifaransa, ambako traîner ni kuburuta. Lilikuwa pindo la gauni linalofagia sakafu, kisha msafara nyuma ya mkubwa, na baada ya muda mrefu ndipo likawa mabehewa. Kitenzi chake kilishika njia nyingine: kuvuta tawi changa lifuate umbo linalotakiwa, kisha kumfanyia hivyo mtoto, askari, mchezaji. Training, kwa asili yake, ni kuvutwa. Kiswahili kimeligawa jambo hili sehemu mbili. Mafunzo hutoka kwa anayekufunza. Mazoezi hutoka kwenye kuzoea, na hayo mwili hujifanyia wenyewe. Mwalimu akilitafsiri training kwa neno moja tu, nusu ya maana inabaki njiani.

Mtoto wa Kamalondo ana njia ya mkato ambayo wa Dar hana. Uwanja wa klabu ya soka ya TP Mazembe, uliofunguliwa 2011, uko mtaani kwake, na entraînement analisikia tangu hajaanza shule. Neno hilo ni la ukoo uleule wa kuburuta. Kwake treni na mazoezi ni ndugu tangu zamani.

Njia hiyo ina shimo lake. Mwalimu alipotaka sentensi, msichana wa mstari wa mbele aliandika: I am in train to eat. Kifaransa husema en train de kwa mtu aliye katikati ya jambo, naye alikihamisha chote, na magurudumu yake.

“Mama, uko unakula mu train?”

“Hapana, Mwalimu. Niko nakula tu.”

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akaandika ubaoni niko nakula, na chini yake I am eating, neno chini ya neno. Kiswahili cha nyumbani kwao, ambacho wapenda usanifu hukikunjia uso, kilikuwa kimekaa karibu na Kiingereza kuliko Kifaransa cha shule. Msichana akafuta in train bila kuambiwa. Mvulana aliyekaa kando yake hakuwa anasikiliza. Alikuwa anaongeza behewa kwenye treni ya daftarini, na ndani yake sahani ya bukari, yaani ugali, inayotoa moshi kuliko injini.