Tarehe 2 mwezi wa saba: waliozaliwa siku moja na Patrice Lumumba

Tarehe 2 Julai 1960 ilikuwa siku ya Jumamosi. Kongo ilikuwa na siku mbili tu za uhuru, na mjini Léopoldville, ambao leo tunauita Kinshasa, sherehe zilikuwa bado hazijaisha. Siku hiyo waziri wa kwanza wa nchi, Patrice Emery Lumumba, alitimiza miaka 35. Siku tatu baadaye askari wa Force Publique waliasi, na tangu hapo hakupata tena nafasi ya kupumua. Miaka 36 hakuifikisha.

Wako watu wanaosema kwamba waliozaliwa siku moja wana nyota moja: akifanikiwa huyu, na yule atafanikiwa, akipata shida huyu, na yule ajiandae. Tarehe 2 mwezi wa saba inafaa sana kwa kupima maneno hayo. Walizaliwa siku hiyo mfalme mmoja wa Norway, waziri mkuu mmoja wa Uingereza, na Mmarekani mweusi aliyepigania haki ya watu wake. Wawili kati yao walizaliwa mwaka 1903. Yule Mmarekani alizaliwa mwaka 1925, siku ile ile na mwaka ule ule wa Lumumba.

Watoto wawili wa mwaka 1925

Lumumba alizaliwa katika kijiji cha Onalua, teritwari ya Katako-Kombe, kule Sankuru. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma katika shule za misioni, za Wakatoliki na za Waprotestanti, kisha akaenda Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, akawa karani wa posta. Mengi aliyoyajua alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu. Zaidi ya Kitetela cha nyumbani alisema Kifaransa, Kiswahili, Lingala na Tshiluba, na lugha hizo zilimsaidia baadaye kuongea na raia wa kila upande wa nchi bila mkalimani.

Siku ile ile aliyozaliwa Onalua, katika mji mdogo wa Decatur, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, alizaliwa Medgar Evers. Huko mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa mahali alipotaka wala kusoma shule moja na wazungu. Kupiga kura kuliandikwa katika sheria, lakini aliyejaribu alihatarisha maisha yake. Evers aliingia jeshini wakati wa vita ya pili ya dunia, akapigana Ufaransa, akarudi nyumbani akidhani kwamba aliyepigania uhuru wa wengine atapewa na wake.

Tarehe 2 Julai 1946 alitimiza miaka 21. Siku hiyo ilikuwa pia siku ya uchaguzi katika Mississippi. Evers, ndugu yake Charles na vijana wengine wachache waliokuwa askari walikwenda pamoja kupiga kura. Wakakuta wazungu wenye silaha wamefunga njia. Walirudi nyumbani bila kura.

Maisha ya watu hao wawili yalifanana hata katika kazi. Lumumba, baada ya kutoka gerezani mwaka 1957 kwa kesi ya pesa za posta, alikwenda Léopoldville akauza bia ya Polar. Kazi hiyo ilimtembeza mtaa kwa mtaa, na jina lake likajulikana. Evers aliuza bima kwa wakulima weusi wa Mississippi. Ilimbidi aingie nyumba kwa nyumba, na huko aliona umaskini kwa macho yake. Mwaka 1954 alianza kazi katika NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Mwaka 1958 Lumumba na wenzake walianzisha chama cha MNC, na mwezi Desemba wa mwaka huo alikwenda Accra, kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima.

Wala Evers hakuwa mbali na Afrika kwa mawazo. Mtoto wake wa kwanza wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1953, alimpa jina Darrell Kenyatta. Wakati huo Jomo Kenyatta alikuwa mikononi mwa Waingereza kule Kenya.

Watoto wawili wa mwaka 1903

Miaka 22 kabla ya hao, tarehe 2 Julai 1903, watoto wawili wa ukoo mkubwa walizaliwa Uingereza. Mmoja alizaliwa London, katika familia ya makabaila wa Scotland. Ni Alec Douglas-Home. Wa pili alizaliwa Sandringham, penye nyumba ya wafalme wa Uingereza, maana mama yake alikuwa binti wa mfalme Edward wa Saba. Walimwita Alexander. Miaka miwili baadaye baba yake, mwana wa ukoo wa kifalme wa Denmark, alichaguliwa kuwa mfalme wa Norway kwa jina la Haakon wa Saba, na mtoto akapewa jina la Kinorway: Olav. Wote wawili walisoma Oxford.

Olav naye alionja ukimbizi. Tarehe 9 Aprili 1940 jeshi la Ujerumani liliingia Norway. Mfalme, mwanawe Olav na serikali waliondoka Oslo kwa treni siku hiyo hiyo, wakawa wanahama mji hadi mji huku ndege za Wajerumani zikiwatupia mabomu. Mke wa Olav na watoto wao watatu walivuka kuingia Sweden, halafu wakapelekwa Marekani. Tarehe 7 Juni 1940, kutoka mji wa Tromsø kaskazini kabisa, meli ya kivita ya Uingereza iliwabeba baba na mwana hadi ng'ambo. Walikaa London miaka 5. Olav alirudi Norway mwezi Mei 1945, raia wakampokea kwa furaha kubwa. Mwaka 1957 baba yake alipokufa, yeye akawa mfalme Olav wa Tano.

Wanorway walimpenda kwa sababu alijua kuishi kama wao. Mwaka 1973, mafuta yalipokuwa haba duniani na magari yakakatazwa kutembea siku za mwisho wa juma, mfalme alipanda treni ya mjini pamoja na raia wengine, akaenda kuteleza kwenye theluji. Akataka kulipa tiketi yake kama abiria yeyote.

Douglas-Home alifuata njia ya siasa. Julai 1960, wiki chache tu baada ya uhuru wa Kongo, alifanywa waziri wa mambo ya kigeni wa Uingereza. Mwezi Oktoba 1963 akawa waziri mkuu, akaacha cheo chake cha ukabaila ili aweze kukaa katika bunge la waliochaguliwa. Alishika kazi hiyo karibu mwaka mmoja. Zanzibar na Kenya zilipata uhuru mwezi Desemba 1963, yeye akiwa ndiye anayeongoza serikali ya London.

Mazungumzo ya mwezi Septemba 1960

Hapa ndipo njia za wawili wa siku hiyo zilipokutana, ingawa mmoja hakujua.

Tarehe 5 Septemba 1960 Rais Kasa-Vubu alitangaza kumwondoa Lumumba kazini. Tarehe 14 Kanali Mobutu akachukua utawala. Siku tano baadaye, tarehe 19 Septemba, Rais Eisenhower wa Marekani aliongea na waziri wa mambo ya kigeni wa Uingereza. Maandishi ya serikali ya Marekani yameweka kumbukumbu ya mazungumzo hayo. Eisenhower alisema anatamani Lumumba aanguke katika mto uliojaa mamba. Douglas-Home akajibu kwa masikitiko kwamba mbinu nyingi za diplomasia ya zamani zimepotea.

Labda ulikuwa mzaha wa wakubwa mezani. Lakini mwezi huo huo sumu ya kumwua Lumumba ilifikishwa Léopoldville na watu wa CIA, jambo ambalo uchunguzi wa baraza la seneti la Marekani ulilitoa wazi mwaka 1975. Sumu hiyo haikutumiwa. Njia nyingine ilipatikana.

Usiku wa tarehe 27 Novemba Lumumba alitoroka nyumba yake, iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa na kuzungukwa na askari wa Mobutu. Alitaka kufika Stanleyville, kwa watu wake. Kwenye mto Sankuru, pale Lodi, alikuwa amekwisha kuvuka. Mke wake Pauline na mtoto wao walikuwa wamebaki ng'ambo ya pili. Akarudi kuwachukua, na askari wakamkamata. Baba yeyote aliyewahi kukimbia vita na familia anaelewa kwa nini alirudi.

Tarehe 17 Januari

Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitolewa gereza la Thysville, wakapelekwa kwa ndege hadi Élisabethville, yaani Lubumbashi, huku wakipigwa njiani. Usiku huo walipigwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maafisa Wabelgiji. Baadaye miili yao ilifukuliwa, ikakatwa na kuyeyushwa kwa asidi. Afisa mmoja wa polisi, Mbelgiji, alijiwekea jino la Lumumba.

Tarehe 17 Januari 1991, miaka 30 kamili baadaye, mfalme Olav wa Tano aliaga dunia akiwa na miaka 87. Walizaliwa tarehe moja, wakafa tarehe moja. Anayeamini nyota angeweza kusema: je, hamwoni? Lakini tazama jinsi siku hizo mbili zilivyopita. Kule Oslo watu kwa maelfu walikwenda mbele ya nyumba ya mfalme, wakawasha mishumaa juu ya theluji. Kule Katanga kifo kilifichwa karibu mwezi mzima, na mwili ukaharibiwa makusudi ili pasiwe na kaburi la kulilia.

Medgar Evers aliuawa tarehe 12 Juni 1963, saa sita ya usiku imepita kidogo, mbele ya nyumba yake mjini Jackson. Alipigwa risasi ya mgongo, mke na watoto wake wakiwa ndani. Alikuwa na miaka 37. Mwuaji alijulikana mapema, lakini mara mbili katika mwaka 1964 wazee wa baraza, wote wazungu, hawakukubaliana juu ya hukumu. Mjane wake Myrlie hakunyamaza. Mwaka 1994 mwuaji alihukumiwa kifungo cha maisha, baada ya miaka 31. Kwa Lumumba, Ubelgiji ilikiri sehemu yake na kuomba msamaha mwaka 2002. Jino lake lilirudishwa kwa familia mjini Bruxelles tarehe 20 Juni 2022, likapitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga, likazikwa Limete mjini Kinshasa tarehe 30 Juni. Kawia ufike, walisema wahenga. Lakini kati ya kukawia na kufika, mjane Pauline alikuwa amekwisha kufa, mwaka 2014.

Douglas-Home yeye alikufa mwaka 1995, nyumbani kwake Scotland, akiwa na miaka 92.

Nyota au ulinzi?

Hesabu ni hii: waliozaliwa mwaka 1903 walifika miaka 87 na 92. Waliozaliwa mwaka 1925 walifika miaka 35 na 37. Siku ni moja, mwezi ni mmoja. Tofauti haikutoka mbinguni.

Olav alikimbizwa na bunduki kama Lumumba alivyokimbizwa. Ila Olav alipofika kwenye maji alikuta meli inayomngoja, nchi ya kumpokea, na serikali za nje zilizotaka arudi akiwa hai. Lumumba alipofika kwenye maji alikuwa na mtumbwi tu, na nyuma yake serikali zenye nguvu zilizotaka afe. Evers alikuwa na haki iliyoandikwa katika katiba ya nchi yake, ila hapakuwa na polisi wala hakimu wa kuilinda pale Mississippi. Kinachomwacha mtu azeeke ni sheria inayomlinda na wanaoitekeleza sheria hiyo.

Kila mwaka, tarehe 2 mwezi wa saba, watoto huzaliwa pia katika kambi za wakimbizi wa ndani na katika familia zilizopokea wageni wa vita. Wazazi wengi hukumbuka mvua iliyonyesha au mji waliotoka kuliko tarehe. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto katika ofisi ya état civil. Karatasi hiyo haizuii risasi. Lakini ndiyo ya kwanza inayosema kwamba mtoto huyu ana jina, ana siku yake, na iko nchi inayopaswa kuulizwa akipotea.