Kukesha usiku na afya ya akili

Kukesha ni kubaki macho katika saa ambazo mwili umezoea kulala. Makanisani kwetu neno hili linatukumbusha maombi, lakini wengi wanakesha kwa sababu nyingine: simu, kazi ya ulinzi, mtoto mgonjwa, au masikio yanayongoja kama risasi zitalia tena.

Giza linapoingia, ubongo unatoa homoni inayoitwa melatonini, ambayo inauandaa mwili kwa usingizi. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi kila usiku. Akizikosa, sehemu ya ubongo inayopima mambo inalegea, na ile ya hofu inapata nguvu. Ndiyo maana deni lililoonekana gumu mchana, saa nane ya usiku linaonekana kama mwisho wa maisha. Ukihesabu wale tu walio macho, hatari ya kujiua ni kubwa zaidi usiku kuliko mchana. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford walichunguza habari za watu karibu 74,000 wa Uingereza: waliochelewa kulala walikuwa na huzuni kubwa na wasiwasi zaidi, hata wale wanaosema usiku ndio wakati wao.

Basi tuseme wazi juu ya mikesha yetu. Usiku mmoja wa maombi, kisha pumziko, haumdhuru mtu mwenye afya. Siku saba mfululizo pamoja na kufunga ni jambo lingine. Kwa mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha sana na kumshusha sana, kukosa usingizi kunaweza kuuamsha: anasema bila kukoma, hasikii uchovu, anagawa mali yake, anatangaza ujumbe mkubwa. Wengine wanaona upako, wengine pepo. Mwenye kifafa naye anaweza kuanguka. Tukimwongezea usiku mwingine wa kumwombea, tunamwongezea ugonjwa. (Eutiko alisinzia Paulo akihubiri, akaanguka kutoka dirishani, Luka hasemi kwamba alikuwa na pepo.)

Anayekosa usingizi kwa sababu ya vita hana imani haba. Eliya alipoomba afe, alilala, akalishwa, akalala tena, ndipo akaanza safari.

Nyumbani, inasaidia kuamka saa ile ile kila siku, kuweka simu mbali na kitanda, na kuacha maamuzi makubwa hadi asubuhi. Usingizi ukipotea majuma kadhaa, mtu aende kituo cha afya. Tulizo Letu kule Goma na SOSAME kule Bukavu zinajulikana kwa kazi ya afya ya akili. Mchungaji asimwambie mgonjwa aache dawa. Na mtu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake usiku huo: mmoja alale naye chumba kimoja, na vitu vya hatari, hasa dawa za shamba, viondolewe nyumbani kabla ya giza.