Nyumba: Kiini cha uhaba na bei ghali mijini

Wapangaji wengi katika miji ya Kenya huamini kwamba kodi ya nyumba hupandishwa na tamaa ya wenye nyumba. Tamaa haikosi, lakini haitoshi kuwa jibu. Mwenye nyumba wa Kitale hupenda faida sawa na mwenzake wa Nairobi, na hata hivyo hawezi kutoza kodi ya Nairobi. Kinachowatofautisha ni idadi ya watu wanaotafuta vyumba, idadi ya vyumba vilivyopo, na fedha zilizomo mifukoni mwa wanaotafuta.

Hesabu ya watu ya 1969 iliwakuta wakazi 509,286 jijini Nairobi. Ile ya 2019 iliwakuta takriban milioni 4.4. Ongezeko hilo peke yake lingetosha kuelemea jiji lolote, lakini takwimu inayowahusu zaidi wajenzi ni ya kaya, si ya vichwa. Mwaka wa 2019 Nairobi ilikuwa na kaya zipatazo milioni 1.5, yaani chini ya watu watatu kwa kila moja. Vijana huhama kwa wazazi mapema, wengi huishi peke yao, na jamaa waliokuwa wakijazana katika chumba cha mjomba sasa hutafuta kila mmoja chake. Watu wale wale wakigawanyika katika kaya ndogo ndogo huhitaji nyumba zaidi, hata pasipozaliwa mtoto mmoja.

Hapa ndipo penye jambo linalochanganya wengi. Kuhitaji nyumba si sawa na kuweza kuilipia, na soko humsikia tu yule anayeweza kulipa. Ndiyo sababu vibao vya kutangaza nyumba zisizo na watu huonekana Kilimani na Kileleshwa, ilhali umbali mfupi kutoka hapo, katika Mukuru na Kibera, familia nzima hulala katika chumba kimoja cha mabati. Mstawishaji aliyejenga kwa mkopo wa riba kubwa, juu ya ardhi ya bei ya kutisha, hawezi kumuuzia mchuuzi wa mboga bila kupata hasara. Humjengea tajiri, na matajiri wakishatosheka nyumba hukaa tupu.

Sera ya kitaifa ya nyumba ya 2004 ilikadiria kuwa miji ilihitaji nyumba mpya 150,000 kila mwaka huku zikijengwa kati ya 20,000 na 30,000. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2017 iliweka mahitaji ya kila mwaka karibu nyumba 244,000, zilizojengwa chini ya 50,000, na pengo lililorundikana kuwa milioni mbili. Kati ya nyaraka hizo mbili, Katiba ya 2010 ilikuwa imempa kila mtu, katika Kifungu cha 43, haki ya kupata makao yafaayo. Haki iliandikwa, matofali hayakuongezeka kwa kasi ya wino.

Mbona ujenzi ukachelewa? Kizingiti cha kwanza ni ardhi, bidhaa isiyozalishwa kiwandani. Barabara ikijengwa, thamani yake humwendea mwenye ardhi kabla ya yeyote kuchimba msingi. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika 2012, viwanja vya Ruiru na Juja vilipanda bei, na waliovinunua mapema wakavishikilia vikiwa vitupu wakingoja vipande zaidi. Huwezi kumlaumu sana mwekezaji anayetunza akiba yake katika shamba kuliko benki, lakini kiwanja kinachongojea bei ni nyumba ambayo haijajengwa.

Pwani ina mpangilio wake, usiojulikana sana bara: nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi humruhusu mtu kujenga kwenye kiwanja chake kwa kulipia ada kila mwezi. Nyumba huwa ya aliyejenga, ardhi hubaki ya mwingine. Ndivyo zilivyoinuka nyingi za nyumba za Kiswahili za Majengo na mitaa mingine ya Mombasa, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili ambavyo hupangishwa kimoja kimoja. Asili ya hali hiyo inahusiana na sheria ya hatimiliki ya 1908, iliyowatambua wachache waliowahi kudai ardhi na kuwaacha wengi wakiwa maskwota. Kwa miaka mingi utaratibu huo uliwapa watu wa kipato kidogo makao nafuu, kwani mjenzi hakulazimika kununua kiwanja. Ubaya wake hujitokeza ardhi inapouzwa: mwenye nyumba hana hati ya kuweka rehani, wala hana hakika kama kuta zake zitamaliza mwaka.

Kizingiti cha pili ni mtaji. Chukua mkopo wa Sh3 milioni wa kulipwa kwa miaka 20. Riba ikiwa asilimia 14, malipo ya kila mwezi hufika takriban Sh37,300, na mwisho wa safari mkopaji atakuwa amelipa karibu Sh9 milioni. Riba ikiwa asilimia 9, malipo hushuka hadi Sh27,000 hivi. Kwa kipimo cha kawaida kwamba makao yasimeze zaidi ya asilimia 30 ya mapato, mkopaji wa kwanza anahitaji mshahara wa Sh124,000 na wa pili Sh90,000. Mikopo ya nyumba nchini imekuwa michache mno: ripoti hiyo ya 2017 ilihesabu chini ya 25,000 katika taifa zima. Sheria ya kudhibiti riba iliyodumu kuanzia 2016 hadi 2019 haikuleta nafuu iliyotarajiwa, kwa kuwa benki ziliona afadhali kuikopesha serikali. Kampuni ya KMRC, iliyoundwa 2018, hukopesha benki na vyama vya akiba na mikopo fedha za muda mrefu ili riba iwe chini ya asilimia 10. Hata hivyo, mhudumu wa jua kali asiye na hati ya mshahara bado hupata taabu kuthibitisha mapato yake.

Walioachwa nje ya mikopo hawalali barabarani, hupanga. Nairobi, karibu kaya tisa katika kila kumi huishi kwa kodi, na wanaowajengea wengi wao si kampuni kubwa bali watu binafsi wanaoinua ghorofa sita au nane kwenye kiwanja kidogo. Pipeline na Huruma zilikua hivyo. Ni ujenzi wa haraka na wa bei ambayo mpangaji anaimudu, na pengine hiyo ndiyo huduma kubwa zaidi ya makazi iliyotolewa jijini bila shukrani. Lakini gharama hupunguzwa pia pasipostahili. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua watu zaidi ya 40.

Serikali nayo imejaribu mara kadhaa. Mradi wa Dandora, ulioanza 1975 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, uligawa viwanja takriban 6,000 vyenye maji na misingi ili maskini wajijengee polepole. Wengi waliuza au kupangisha, na baadaye majengo ya ghorofa yakachukua nafasi. Mnamo 2009, wakazi wa Kibera walihamishiwa nyumba 600 za Lang'ata. Baadhi yao walipangisha vyumba kwa wenye uwezo zaidi na kurudi mabandani. Wanaowakebehi husahau hesabu yao: kwa familia isiyo na hakika ya chakula cha kesho, tofauti ya kodi ni mapato, pengine ndiyo mapato ya uhakika kuliko yote iliyowahi kuyapata.

Jaribio la karibuni lilianza na Sheria ya Fedha ya 2023, iliyowakata waajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na kuwataka waajiri walipe kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliibatilisha tozo hiyo Novemba 2023, kisha ikarejeshwa na Sheria ya Nyumba za Gharama Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Mwezi Mei 2025, nyumba 1,080 za Mukuru zilikabidhiwa wakazi, na ile ndogo kabisa ya chumba kimoja ilipangiwa malipo ya Sh3,900 kwa mwezi. Bei hiyo imewezekana kwa sababu ardhi ilikuwa ya umma na mtaji ukatoka kwa mishahara ya wengine, ambao wengi wao wanapanga. Nyumba elfu moja na ushei ni chache mbele ya pengo la milioni mbili, ila ni nyumba za tabaka ambalo soko halikuwahi kulihesabu.

Sheria hiyo ya 2024 inamkataza mnunuzi kuuza nyumba bila idhini ya maandishi ya Bodi. Huko Lang'ata, hata hivyo, aliyepangisha chumba hakuhitaji kuuza chochote.